Zambarau ya kampuni moja kwenye kopo la kampuni nyingine: jina, namba, kipande au mkono wa fundi?

Ukishapaka sebule zambarau, taabu huanza siku unapohitaji lita mbili za nyongeza. Fundi umeme amechimba ukuta kupitisha waya, akaziba kwa saruji. Migongo ya makochi imechubua rangi. Au chumba cha pili kimekamilika na mwenye nyumba anataka kifanane na cha kwanza. Kopo la zamani limekauka, duka lile halileti tena kampuni ile, na muuzaji wa duka jingine anafungua kadi yake, anaweka kidole kwenye kijimraba kimoja: "Chukua hii dada, haina tofauti na ile yako."

Tofauti ipo. Cha kujua ni ukubwa wake, na kama itaonekana ukutani kwako, kwenye mwanga wa nyumba yako. Goldstar, Coral, Crown, Sadolin, Plascon: majina ya makopo ni mengi, na si rahisi duka moja la Mwanga, Gungu au Ujiji hapa Kigoma kuyapanga yote kwenye rafu. Mtu wa Kigoma anayejenga kwa awamu, chumba leo na chumba mwakani, kuna siku atalazimika kuhama kampuni katikati ya kazi. Kwenye krimu hilo si tatizo kubwa. Kwenye zambarau ni tatizo, na ndiyo maana nataka tuzipime njia za kulinganisha kabla hujatoa hela.

Msimamo wangu nautanguliza. Kipande kilichokatwa kwenye ukuta wenyewe kinashinda jina, kinashinda namba, na kinashinda picha ya simu kwa mbali. Na hata ukipata rangi nzuri namna gani, usiiache iishie katikati ya ukuta.

Ukorofi wa zambarau

Krimu ni nyeupe iliyotiwa njano kidogo na tone la nyeusi au kahawia. Ikikosewa, inakuwa krimu nyingine tu, jicho linasamehe. Zambarau imesimama kati ya nyekundu na bluu. Ikisogea kidogo upande mmoja unaona pinki au damu ya mzee. Ikisogea upande wa pili unaona bluu. Hata mtoto atakuambia ukuta huu si sawa na ule.

Jambo lingine liko ndani ya kopo. Hakuna unga mmoja wa zambarau unaotumiwa na kila kiwanda. Kuna urujuani wa dioksazini, ambao kwenye orodha ya kimataifa una alama PV23: una nguvu kali, kiasi kidogo kinageuza ndoo nzima, na unaelekea bluu. Kuna kwinakridoni, PV19, unaoelekea pinki na unaovumilia jua vizuri. Na kuna wanaoanza na bluu ya fthalosianini, wakaitia nyekundu na nyeusi kidogo mpaka ikafika. Njia zote tatu zinaweza kukupa rangi inayofanana kabisa chini ya taa ya duka. Ukifika nyumbani chini ya taa nyingine, kila mchanganyiko unarudisha mwanga kwa namna yake, na rangi mbili zilizokuwa pacha dukani zinaachana. Wataalamu huita hali hiyo metamerisimu. Kwenye zambarau, na zaidi zile za kijivujivu, inajitokeza kuliko kwenye njano au nyeupe.

Zambarau ya maabara ilianza kwa bahati, na kwetu ina undugu wa ajabu. Mwaka 1856, London, William Henry Perkin, kijana wa miaka 18, alikuwa anajaribu kutengeneza kwinini ya kutibu malaria, akaishia na masalia meusi ambayo yakiyeyushwa kwenye spiriti yanatoa rangi ya urujuani. Tangu hapo wakemia wameongeza nyingine nyingi, ndiyo maana leo makopo mawili yenye rangi moja machoni yanaweza kuwa na vitu tofauti kabisa ndani.

Jina na kadi

Jina la rangi ni la kampuni, si la rangi. Lavender ya kadi hii inaweza kuwa na pinki, na Lavender ya kadi ile ikawa na bluu, na hakuna aliyedanganya. Kadi yenyewe nayo ina maisha yake: ikikaa miezi kaunta, jua likiipiga, vijimraba vinapauka, na zambarau ni miongoni mwa vinavyotangulia. Halafu kijimraba cha ukubwa wa stempu hakiwezi kukuonyesha ukuta wa mita nne. Rangi ikijaa ukuta huonekana kali kuliko ilivyokuwa kwenye kadi.

Kadi ina kazi moja inayoifaa: kukuambia zambarau yako ni ya ukoo gani. Nazigawa koo tatu, na kwa kuwa wateja wengi huja na picha kwenye simu, nitataja zile zilizosambaa zaidi.

Ukoo wa kwanza unaelekea bluu. Humo imo Ultra Violet, namba 18-3838 ya Pantone, kampuni inayotoa namba za rangi na kutangaza rangi ya kila mwaka; hii ilikuwa ya mwaka 2018, na Very Peri 17-3938 ya mwaka 2022, ambayo bluu yake ni nyingi zaidi. Kwenye kadi ya RAL, mfumo wa namba za rangi wa Ujerumani, 4005 iko upande huu. Ukoo wa pili unaelekea pinki na nyekundu: Radiant Orchid, Pantone 18-3224, rangi ya mwaka 2014, na RAL 4001. Ukoo wa tatu ni wa zambarau zilizotulia, zenye kijivu au kahawia ndani: Exclusive Plum SW 6263 ya Sherwin-Williams, Shadow 2117-30 ya Benjamin Moore iliyokuwa rangi yao ya mwaka 2017, Brinjal namba 222 ya Farrow & Ball ambayo ni bilinganya lililoiva, na kwa upande mwepesi RAL 4009.

Ukishajua ukoo wako, usiuvuke. Mtu mwenye ukuta wa ukoo wa tatu akipewa kopo la ukoo wa kwanza, hata giza lake likilingana, atahisi chumba kimebadilika na hatajua kwa nini. Muuzaji mzuri ataanza hapo: "Kaka, ya kwako inaelekea bluu, inaelekea nyekundu, au imepoa?" Akiuliza hivyo, msikilize.

Picha ya simu ichukue kwa kazi hiyo hiyo tu. Kamera nyingi hukamata urujuani kama bluu, na kioo kikiongezwa mwanga rangi inachangamka ambavyo ukuta hauwezi. Picha inachagua ukoo. Kulinganisha haiwezi.

Namba

Namba ina heshima kuliko jina, lakini namba hazilingani kwa asili yake. Kuna za mfumo wa wote na kuna za kampuni.

RAL ilianza Ujerumani mwaka 1927 ikiwa na rangi 40, na zambarau zake zote ziko kwenye kundi la 4000. NCS ni ya Sweden, na namba yake inasomeka ukishaijua: S 3030-R50B ni rangi yenye weusi asilimia 30, ukolezo asilimia 30, na iliyo katikati kabisa ya nyekundu na bluu. Ukiona R40B, imeegemea nyekundu. R60B imeegemea bluu. Kama ukuta wako ulipakwa kwa namba ya RAL au NCS, una bahati, kwa sababu kiwanda chochote chenye mashine kinaweza kulenga shabaha hiyo hiyo bila kujua ulinunua wapi mwanzo.

Namba ya kampuni ni nyingine. Mashine nyingi za kuchanganya zina orodha ya namba za washindani, na muuzaji akiandika namba ya kampuni A, mashine ya kampuni B inatoa mapishi. Hayo mapishi ni makadirio: kuna mtu alipima kadi ya A kwa kifaa, kisha akatafuta mchanganyiko wa B unaokaribia. Unaweza kukaribia sana, unaweza kukaribia kiasi. Kwa chumba kipya kilichojitenga, inatosha kabisa. Kwa kiraka kwenye ukuta wa zamani, haitoshi.

Pantone ndiyo inayochanganya watu zaidi. Namba kama 18-3838 ni za mfumo uliotengenezwa kwa ajili ya mitindo, na kielelezo chake ni kipande cha kitambaa cha pamba kilichotiwa rangi. Si mapishi ya rangi ya ukuta. Ukiipeleka dukani, bado mtu atalazimika kuitafsiri.

Usibebe pia karatasi ya matone, yaani ile yenye mapishi inayotoka kwenye mashine, ya kampuni moja kwenda nyingine. Kila kampuni ina besi zake, yaani zile rangi za kuanzia ambazo bado hazijatiwa rangi: nyeupe kwa rangi nyepesi, na nyingine zenye weupe kidogo au zisizo nao kwa rangi nzito. Kiasi cha unga mweupe wa titani ndani ya besi kinatofautiana, na vimiminika vya rangi vinatofautiana nguvu. Matone yale yale kwenye besi nyingine yanakupa zambarau nyingine, mara nyingi iliyopauka au iliyozidi giza.

Kipande cha ukuta na mashine ya kusoma

Hii ndiyo njia ninayoitetea, na ina mambo yake ya kufanywa vizuri.

Kwanza amua unalinganisha nini. Ondoa kalenda au fremu iliyokaa ukutani muda mrefu na utaona mstatili uliokolea kuliko ukuta unaouzunguka: ile ndiyo rangi ya siku ya kwanza, na ule mwingine ndio ukuta ulivyo leo. Kama unataka kuziba kiraka, kipande kitoke kwenye ukuta unaoonekana, pamoja na kupauka kwake. Kama unapaka chumba kipya kifanane na jinsi cha kwanza kilivyokuwa, kitoke nyuma ya kalenda au nyuma ya kabati. Watu wengi hulinganisha kwa usahihi, ila na rangi isiyo yenyewe.

Futa kwanza vumbi. Vumbi letu jekundu likikaa kwenye zambarau linaipeleka kahawia, na mashine haijui kutenganisha vumbi na rangi. Kitambaa chenye maji na sabuni kidogo kinatosha, kisha acha pakauke. Chora mraba wa sentimita 3 kwa 3 kwa kisu cha kukatia, ingiza ncha chini ya puti, inua polepole ganda litoke zima likiwa bapa. Liweke ndani ya bahasha ngumu. Kama ukuta haubanduki, angalia mfuniko wa kopo la zamani: ile rangi iliyokauka upande wa ndani inaweza kung'olewa kama ngozi, na inafaa kwa rangi ya siku ya kwanza.

Dukani, mashine ya kusoma inamulika kipande, inapima mwanga unaorudi, na kutoa namba tatu za mfumo wa kimataifa wa mwaka 1976: L ni giza na mwanga kuanzia 0 hadi 100, a ni nyekundu dhidi ya kijani, b ni njano dhidi ya bluu. Zambarau huwa na a ya kujumlisha na b ya kutoa. Mwambie asome sehemu tatu tofauti za kipande, kwa sababu ukuta wenye mawimbi ya rola una vivuli vidogo vinavyoidanganya mashine.

Kisha uliza Delta E, yaani umbali kati ya rangi yako na mapishi yaliyopatikana. Ikiwa karibu na 1, ni jicho lililozoea tu litakalogundua. Ikifika 3 na zaidi, rangi mbili zikigusana karibu kila mtu ataona. Muuzaji akikuambia "imefanana" bila namba, muombe kwa upole akuonyeshe. Mashine nyingi huandika kwenye skrini. Kama programu yake inaweza kuonyesha matokeo kwa mwanga wa mchana na kwa mwanga wa balbu, aangalie vyote viwili, hapo ndipo metamerisimu inapokamatwa mapema.

Na kama hukupata mashine hapa, bahasha haina uzito. Inapanda basi la Tabora, Mwanza au Dar es Salaam, na kopo linarudi na mzigo. Unapoteza siku, hupotezi ukuta.

Kopo likifika, nunua au fungua dogo kwanza, lita moja. Paka kwenye kipande cha jipsamu au karatasi ngumu, mikono miwili (yaani tabaka mbili), uache mpaka kesho yake. Rangi ya maji ikiwa mbichi huonekana nyepesi, ya maziwamaziwa, na ikikauka inakoza. Kati ya Novemba na Aprili, mvua ikiwa imekaa, usiikatie hukumu jioni ile ile. Kipande kikikauka kata kingo zake ili kusiwe na mpaka mweupe, kishikize ukutani kigusane na rangi ya zamani, na kiangalie asubuhi, jioni, na usiku taa ikiwaka. Mpaka mweupe wa kadi hulidanganya jicho. Rangi zikigusana uongo unaisha.

Mkono wa fundi

Kuna mafundi wanaochanganya kwa jicho na wanapatia. Nimewaona, na sitaki kuwadharau. Kwa sehemu ndogo, kwa mtu asiye na muda wa kusubiri basi, mkono wa fundi mzoefu unashinda namba iliyotafsiriwa, maana yeye anachanganya akiwa amesimama mbele ya ukuta wenyewe, kwenye mwanga wake.

Ila lazima ajue nyekundu ipi na bluu ipi. Nyekundu ya moto ina njano ndani yake. Ukiiweka kwenye bluu, ile njano inaiua zambarau na unabaki na tope la kahawia. Nyekundu ya udongo ni mbaya zaidi, inakupeleka moja kwa moja damu ya mzee. Zambarau safi inataka nyekundu inayoelekea pinki na bluu isiyoelekea kijani. Ukiona vichupa vya dukani ni nyekundu ya moto na bluu ya kijanikijani tu, ukoo wa kwanza na wa pili hautaupata hata ukichanganya usiku kucha. Ukoo wa tatu unaweza, kwa kuwa wenyewe unataka utulivu huo.

Kuipooza zambarau, fundi mwenye haraka hutia nyeusi, na nyeusi huisukuma kwenye ubaridi. Tone la njano ya udongo linaipooza kwa upole na kuiacha na joto. Yote haya yafanyike kwa matone, kwenye kikombe kwanza, na fundi aandike alichotia. Asizidishe kiwango kilichoandikwa kwenye kichupa. Kikizidi, rangi inachelewa kukauka na inashika nguo ukiegemea. Na asichanganye rangi ya mafuta na ya maji kwa sababu tu rangi aliyoitaka ilikuwa kwenye kopo la mafuta.

Udhaifu wa njia hii ni mmoja na mkubwa: hairudiwi. Ikiisha kabla ukuta haujaisha, umerudi mwanzo. Kwa hiyo fundi achanganye kwa mkupuo mmoja, azidishe kuliko kinachohitajika.

Mwanga wa huku ubadili uamuzi

Ushauri mwingi unaosomwa mtandaoni kuhusu zambarau umeandikwa Ulaya na Marekani, ambako chumba cha kaskazini hakipati jua na huitwa cha baridi. Usiuchukue. Kigoma iko karibu nyuzi 5 kusini mwa ikweta: katikati ya mwaka jua linapita kaskazini yetu, Desemba linapita kusini, na mara mbili kwa mwaka linapita utosini. Kinachotawala chumba chako ni mashariki na magharibi.

Magharibi ndiko liliko ziwa. Kwa saa ya ukutani, jua letu linafika kileleni karibu saa saba mchana na kuzama karibu saa moja jioni, ng'ambo kwenye milima ya Kongo. Dirisha linalotazama ziwa, kwa mfano nyumba za mteremko wa Bangwe au Kibirizi, linaweza kupigwa na jua la njano kuanzia saa tisa mpaka linapozama. Jua hilo huisogeza zambarau ya ukoo wa pili ikawa kahawia au damu ya mzee. Kwa chumba kama hicho, kama makopo mawili yanagombana na hakuna lililo sawa kabisa, chukua lililozidi bluu kidogo. Jioni jua litalirudisha. Dirisha hilo ndilo pia litakalopausha rangi mapema, kwa hiyo uliza kama mchanganyiko una kwinakridoni.

Chumba cha mashariki, au cha ndani kinachoishi kwa taa, ni kinyume. Soma boksi la balbu. Ile nyeupe kali ni 6500K na inaipeleka zambarau kwenye bluu. Ile ya njano, 3000K, inaipeleka nyekundu. Chini ya 6500K, kopo lililozidi wekundu kidogo litakaa vizuri kuliko lililozidi bluu. Nimeona watu wakibadilisha rangi ya ukuta mzima wakati kilichohitajika ni balbu. Anza na balbu.

Ndugu zetu wa Tabora wenye miembe mikubwa mbele ya dirisha waongeze jambo moja: mwanga unaopita kwenye majani unaingia na ukijani, na kijani huifanya zambarau ionekane imechoka. Pale ukoo wa tatu unakufa kabisa mchana. Afadhali ukoo wa pili.

Mng'ao

Hili ni fupi lakini limeharibu kazi nyingi. Kopo lililoandikwa silk linang'aa kidogo, lililoandikwa matt haling'ai. Rangi moja, mng'ao mbili, ni rangi mbili machoni, na kwenye zambarau nzito silk huonekana imekoza ukiitazama kwa mbele na kumeremeta ukiitazama kwa pembeni. Silk za kampuni mbili nazo hazing'ai sawa. Kabla ya kugombana na rangi, hakikisha mng'ao ni uleule. Na ukuta wenye kiraka kipya cha saruji usipakwe zambarau haraka: saruji mbichi ina chokaa kali (alkali) inayoweza kubadili baadhi ya rangi, na wiki nne za kukomaa pamoja na praima ni akiba ya hela yako.

Uchague ipi

Kama unapaka chumba kipya ambacho hakionani na cha zamani, usijitese. Tafuta namba, chagua kampuni yoyote yenye ukoo uleule, jaribu lita moja, endelea. Hakuna atakayesimama koridoni akilinganisha vyumba viwili ambavyo haoni kwa wakati mmoja.

Kama ni kiraka katikati ya ukuta, hapa nasema wazi: usitafute kiraka. Hata kopo lile lile la kampuni ile ile litaonekana, kwa kuwa ukuta umepauka na rola imebadilika. Mwambie mwenye nyumba, "Mama, tusiishie hapa, twende mpaka kona." Kwenye kona mwanga hubadilika wenyewe, kuta mbili zinazokutana hazionekani sawa hata zikipakwa ndoo moja, kwa hiyo tofauti ndogo ya kampuni inajificha pale. Ukuta wa mita 4 kwa kimo cha mita 2.7 ni karibu mita za mraba 11. Lita moja ya rangi ya maji kwenye ukuta laini hufunika takriban mita 10 kwa mkono mmoja, kwa hiyo mikono miwili ni lita 2 na kidogo, na mitatu, ambayo zambarau nzito mara nyingi huidai, ni kama lita 3 na robo. Galoni moja ya lita 4 inatosha ukuta mzima. Ukilinganisha na gharama ya kuhangaika na kiraka, galoni hiyo ni nafuu.

Kama ni chumba kizima, fanya hesabu kabla ya kununua: cha mita 4 kwa 3.5, ukitoa mlango na madirisha mawili ya kawaida, kinabaki na mita 35 hivi, sawa na lita 7 kwa mikono miwili. Nunua galoni mbili siku moja, duka moja, zenye namba moja ya toleo, na uzimimine zote kwenye ndoo moja uchanganye kabla ya kuzamisha rola. Galoni mbili za kampuni moja zinaweza kutofautiana kidogo, na hutaki kuligundua hilo ukiwa nusu ya ukuta.

Mkono wa fundi uchague kwa kuta fupi, kwa pembe za ngazi, kwa ukuta mmoja wa mapambo unaojitegemea. Mashine na kipande uchague pale rangi mpya itakapokaa kwenye ukuta unaotazamana na wa zamani ndani ya chumba kimoja, kwa sababu hapo jicho linaona zote mbili kwa pamoja na halina kona ya kuliokoa.

Ukimaliza, jaza chupa ndogo ya kioo rangi iliyobaki mpaka shingoni, ifunge, na uandike juu yake kwa kalamu isiyofutika: kampuni, namba, aina ya besi, silk au matt, namba ya toleo, duka, mwezi na mwaka. Bandika pia ile karatasi ya matone iliyotoka kwenye mashine ndani ya mlango wa kabati la jikoni, mahali ambapo hata atakayehamia baada yako ataiona.